Kadi Nzuri Yataka Pa Kukaa

Mwanangu, kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo, fungua kwanza ubavu wa kompyuta yako utazame ndani.

Najua umesubiri sana. Pesa umeiweka kidogo kidogo, gemu unayoitaka imeshatoka, na wenzako wanakutumia vipande vya video kila usiku. Mtu mwenye pesa mfukoni na hamu moyoni huona kila nasaha ni kucheleweshwa. Hata hivyo kaa kidogo. Nimekuwa kwenye meza ya ufundi tangu enzi za Windows 98. Nimewapokea vijana wengi walioleta kadi ya grafiki ndani ya boksi lake, nzuri, halisi, ya bei kubwa, na isiyoweza kufanya kazi katika mashine waliyoinunulia. Kadi walikuwa wanaijua vizuri. Kompyuta yao hawakujua hata pawasaplai yake ni ya wati ngapi.

Tuanzie hapo basi.

Kompyuta nyingi mlizonazo majumbani zimetoka maofisini, nyingi zikiwa za Ulaya. Ndizo zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk zinazopangwa madukani Kariakoo, na ndugu zetu wa Nairobi wanaziita ex-UK. Ni mashine imara nami nazipenda. Ila zilitengenezwa kwa ajili ya karani anayeandika barua na kupiga hesabu. Chukua OptiPlex 9020. Ile ya kisanduku kirefu ina pawasaplai ya wati 290, na ile nyembamba ina wati 255. Waya mkuu unaoingia kwenye mazabodi una pini 8, ilhali pawasaplai za kawaida za dukani zina pini 24. Maana yake huwezi kuichomoa ukaweka nyingine hivihivi. Utahitaji kipande cha waya cha kuunganishia, na utahitaji fundi anayejua anachofanya. Kile kisanduku chembamba nacho kinapokea kadi za kimo kifupi tu. Ukinunua kadi ya kawaida haitaingia, hata uisukume vipi.

Kwa hiyo chukua rula. Pima nafasi kuanzia nyuma, pale kadi inapochungulia nje, hadi kitu cha kwanza kinachozuia mbele. Andika milimita. Pima na kimo. Kisha tafuta urefu wa kadi unayoitaka, ulinganishe. Kadi mbili zenye jina lilelile huweza kupishana sana kwa urefu, kwa sababu kila kampuni inayozifunga huweka feni zake. Kazi hii ni ya dakika chache, na imewaokoa watu safari nyingi za kurudi dukani.

Sasa umeme, na hapa nisikilize kwa masikio yote mawili.

Sloti ya PCIe ambayo kadi inakaa hutoa wati 75 na si zaidi. Kadi inayotaka zaidi ya hapo huletewa waya kutoka kwenye pawasaplai: waya wa pini 6 huongeza wati 75, wa pini 8 huongeza 150. OptiPlex nyingi hazina waya huo kabisa. Ndiyo maana GTX 1650 ya mwaka 2019 imependwa sana na wenye mashine za namna hiyo. Nyingi kati yake zinakula wati 75 na zinatosheka na sloti peke yake. Siku hizi ipo RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024, inayokula wati 70. Lakini angalia kwa makini. Ipo pia RTX 3050 ya GB 8, iliyotangulia, inayokula wati 130 na kutaka waya wake. Muuzaji akikuambia tu "hii ni 3050", bado hajakuambia kitu.

Mimi somo la umeme nililipia. Nilimnunulia kaka yako mkubwa kadi kwa pesa yote ya bajeti, nikaiacha pawasaplai ya zamani mle mle ndani. Ilikuwa ya bei ya chini, nyepesi mkononi, na ubavuni imeandikwa wati 500. Nikasema zinatosha. Kwenye kazi za kawaida kila kitu kilikwenda vizuri. Gemu ikianza kukolea, mashine inazima. Nikailaumu kadi. Nikairudisha dukani, nikabishana na kijana wa watu mbele ya wateja wake, naye akaiwasha kwenye mashine yake ikafanya kazi jioni nzima. Nilirudi nyumbani na hasira, nikaendelea kuilazimisha, mpaka siku pawasaplai ilipokufa na kuondoka na mazabodi. Kaka yako alikaa muda mrefu bila kompyuta, na hakuwahi kunilaumu kwa neno. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilichokuwa sijakisoma kilikuwa kimeandikwa palepale kwenye lebo. Usiangalie namba kubwa. Tafuta mstari wa volti 12, uone una ampea ngapi, kisha zidisha kwa 12. Pawasaplai iliyoandikwa 500, yenye ampea 20 tu kwenye mstari huo, ina wati 240 za kuilisha kadi na prosesa kwa pamoja. Hizo nyingine ni za kupamba boksi. Nunua pawasaplai kwanza, iliyo nzito, ya kampuni inayojulikana, yenye waranti. Kama pesa haitoshi kununua vyote viwili, mwezi huu nunua pawasaplai na mwezi ujao kadi. Najua inauma kutumia pesa kwa kitu kisichoongeza fremu hata moja. Fanya hivyo hivyo.

Ukishamaliza umeme, muulize prosesa wako kama yuko tayari. Prosesa ndiye anayechambua mchele na kukata vitunguu, kadi ndiyo mpishi. Ukileta mpishi hodari kutoka hotelini, na aliyekaa kwenye vitunguu ni yuleyule wa polepole, chakula kitatoka saa ileile ya jana. Jipime kabla hujanunua. Fungua gemu yako, uangalie fremu kwa sekunde ukiwa kwenye 1080p. Kisha shusha ukubwa wa picha hadi 720p. Fremu zikipanda vizuri, kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa, na ukiibadilisha utaona tofauti. Zikibaki palepale, tatizo liko kwa prosesa au kwenye RAM, na kadi mpya haitakusaidia. Windows 10 na 11 zina ukurasa wa Task Manager unaoonyesha kadi imeshughulika kwa asilimia ngapi. Ikiwa inacheza kwenye 50 huku gemu inakwama, jibu unalo.

Nimewaona vijana waliokuja kununua kadi wakaondoka na kijiti cha pili cha RAM peke yake. Vijiti viwili vinavyofanana hupeleka data kwa njia mbili, kimoja kwa njia moja, na prosesa hulisikia hilo. Nimeona pia gemu iliyokuwa inasitasita kila ukiingia mtaa mpya ikapona kwa kuhamishwa kutoka kwenye diski ya kuzunguka kwenda kwenye SSD. Sisemi hivi ili nikukatishe tamaa ya kadi. Nataka tu pesa yako iende mahali inapohitajika.

Tazama na kioo chako. Kioo cha 60Hz hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Kadi ikitengeneza fremu 140, nyingi hutaziona kamwe. Kama kioo hicho hutakibadilisha mwaka huu, usinunue kadi ya kioo usichokuwa nacho.

Halafu niambie, unacheza nini hasa? Usinitajie gemu unayotamani uonekane unaicheza. Kama jioni zako ni Valorant, Counter-Strike 2, GTA V na mpira, kadi ya kawaida kabisa inakutosha. Ila zipo gemu mpya ambazo zimefunga mlango. Indiana Jones and the Great Circle, iliyotoka Desemba 2024, na Doom: The Dark Ages ya Mei 2025, zinadai kadi yenye vifaa vya ndani vya kufuata miale ya mwanga. Kwa NVIDIA vifaa hivyo vilianza na RTX za mwaka 2018. Kwa AMD vilianza na RX 6000 za mwaka 2020. GTX 1060 yako na RX 580 ya rafiki yako hazimo, hata ushushe mipangilio yote hadi chini. Kwa gemu za namna hiyo, ndiyo, kubadilisha ni lazima, na sitakubishia.

Sasa nije kwenye jambo linalowaponza wengi, nami limo katika hesabu zangu. Kumbukumbu ya kadi.

Mwaka 2016 GTX 1060 ilitoka kwa sura mbili, ya GB 3 na ya GB 6. Jina moja, boksi karibu lilelile. Ya GB 3 haikupungukiwa kumbukumbu tu, hata viini vyake vya kuchorea vilikuwa 1152 badala ya 1280. Tofauti ya bei wakati ule niliiona kubwa, nikachukua ya GB 3 nikijisifu kwamba nimeokoa pesa. Mwanzoni hakuna aliyeweza kunionyesha kosa. Miaka ilipopita, gemu zikaanza kuomba kumbukumbu zaidi, picha za kuta na nyuso zikawa zinachelewa kuja, na gemu inashikwa na kigugumizi kila unapogeuka. Aliyechukua ya GB 6 siku ileile aliendelea kucheza kwa miaka. Mimi nikanunua tena.

Mchezo huo haujaisha. Mwaka 2025 RX 9060 XT ilitoka ya GB 8 kwa dola 299 na ya GB 16 kwa dola 349. RTX 5060 Ti nayo ilitoka ya GB 8 kwa dola 379 na ya GB 16 kwa dola 429. Hizo zilikuwa bei za kutangazwa Marekani. Huku kwetu zinapanda, kwa safari, kwa ushuru na kwa faida ya kila mkono uliozishika. Lakini ile nyongeza ya kufikia GB 16 ina thamani yake. Ilipe. Kama huna, subiri uipate. Kumbukumbu ya kadi haiongezwi baadaye kama RAM ya kompyuta. Ile uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo.

Kuna na njia ambayo data inapita. Kadi nyingine za bei ya chini zimepunguziwa njia hiyo ili ziwe rahisi kutengeneza. RX 6500 XT ya mwaka 2022 ina njia 4 tu za PCIe, na imepangwa kwa mazabodi za PCIe 4.0. Ukiiweka kwenye mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0, kasi ya njia hizo inakatwa nusu, na kwa kuwa ina GB 4 tu za kumbukumbu inahangaika kuvuta data huko na huko. Ni kadi ya watu maskini inayofanya kazi vizuri zaidi kwa watu wenye mashine mpya. Jambo hilo halikunipendeza, na sijabadili mawazo. Intel Arc B580 nayo, iliyotoka Desemba 2024 na GB 12 kwa dola 249, ni kadi nzuri kwa bei yake, lakini inategemea kitu kinachoitwa Resizable BAR kwenye mazabodi. Mashine ya kizazi cha nne cha Intel, kama ile OptiPlex 9020, haikuja nacho. Huko usiipeleke.

Kama utanunua iliyotumika, wengi wetu tunanunua hivyo na si aibu, nenda mchana na usiende peke yako. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha mfumo wa kuchimba sarafu kwa kadi za grafiki, na kadi zilizokuwa zinafanya kazi usiku na mchana zikamwagika sokoni duniani kote. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Inayochoka zaidi ni feni, na zile pedi laini zinazotoa joto kwenye chipu za kumbukumbu. Zungusha feni kwa kidole, usikilize. Angalia skrubu kama zina makovu ya bisibisi. Kisha omba iwashwe kwenye mashine, gemu ichezwe au jaribio la mzigo liendeshwe kwa nusu saa, wewe ukiwa umesimama hapo. Ukiona vidoadoa vya rangi, mistari, au kioo kinakuwa cheusi kisha kinarudi, mshukuru muuzaji kwa muda wake uondoke. Asiyekubali kuiwasha, usimpe pesa.

Na kuna jambo baya zaidi. Kijana wa jirani yetu alileta "GTX 1050 Ti" aliyoipata kwa bei iliyomfurahisha sana. Boksi lilikuwa zuri. Windows iliitaja kwa jina hilohilo. Gemu ikikaribia kufunguka, inaanguka. Tulipoitazama kwa programu ya GPU-Z, mbele ya jina pakatokea neno FAKE. Ndani yake ilikuwa chipu ya zamani ya enzi za mwaka 2011, imeandikwa upya kumbukumbu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa jina la uongo. Muuzaji alishahama. Tangu mwaka 2018 GPU-Z inazitambua nyingi za namna hiyo, na programu yenyewe ni ya bure. Ibebe kwenye flashi yako. Kijana yule alikuwa ameuza simu yake ili apate kadi, na nilimwona akijikaza asilie mbele ya mama yake. Sitaki nikuone hivyo.

Ikiwa mjomba anakuja kutoka Dubai, mwombe apite Bur Dubai, ile barabara ya Khalid Bin Al Waleed ambayo watu wa kompyuta wanaijua vizuri. Mwambie aulize jambo moja kabla ya kulipa: waranti itaheshimiwa wapi? Nyingine zinataka kadi irudi ilikonunuliwa. Mwambie pia akupigie picha ya lebo ya kadi kabla ya kutoa pesa, umsomee wewe mwenyewe kumbukumbu na pini za umeme. Mjomba ana mapenzi, lakini hatofautishi 5060 na 5060 Ti.

Subira nayo ina faida ya kuhesabika. RTX 3060 ilitoka Februari 2021 kwa dola 329, lakini mwaka ule watu walilipa zaidi sana, kwa sababu ya uhaba na kwa sababu wachimbaji walikuwa wananunua kila kilichopatikana. Nilimsihi mteja mmoja asubiri. Hakusubiri. Mwaka uliofuata bei zilianguka, na ile pesa aliyotoa kwa kadi moja ingemnunulia kadi na kioo. Ukiwa unasubiri, tumia FSR ya AMD katika gemu zinazoikubali. Inatengeneza picha ndogo kisha inaikuza, na matoleo yake ya awali hayabagui, hata kadi za NVIDIA za zamani kama GTX 1060 zinayaendesha. Inaweza kukupa miezi kadhaa ya kucheza bila kutoa senti.

Siku ya kuifunga, usifanye usiku ukiwa na usingizi. Toa draiva za zamani kwanza, hasa kama unahama kutoka AMD kwenda NVIDIA au kinyume chake. Chomoa waya wa ukutani. Gusa chuma cha kisanduku kabla hujashika kadi, umeme tuli usije ukaua kitu usichokiona. Toa vumbi lote lililo ndani. Vumbi la mtaa wetu na chumvi ya hewa ya pwani vikichanganyika vinashika kweli. Isukume kadi mpaka usikie klipu ya sloti imefunga, kisha kaza skrubu, usiiache ikining'inia. Na waya wa kioo uchomeke kwenye kadi, siyo kwenye mazabodi. Nimeitwa majumbani kwa ajili ya hilo tu, nikakuta mtoto amecheza wiki nzima na grafiki ya prosesa huku kadi mpya imekaa kimya. Kama umeme wa mtaani kwenu unakatika na kurudi kwa kishindo, weka UPS.

Mashine yako ikiwa ni ya kisanduku cha ofisi na hutaki kugusa pawasaplai, chukua RTX 3050 ya GB 6, ya kimo kifupi kama kisanduku ni chembamba. Ikiwa una kisanduku cha kawaida, pawasaplai nzuri na bajeti ya mtumba, RX 6600 ya mwaka 2021 inakula wati 132 tu, ina GB 8, na kwa 1080p itakutunza vizuri. Na ikiwa umejaliwa kununua mpya kwenye mashine ya miaka ya karibuni, RX 9060 XT ya GB 16 ndiyo ningekuchagulia. Ukiona kuna iliyo bora zaidi kwa pesa ileile siku utakayokwenda, chukua hiyo. Majina haya yanapita haraka, ila rula, lebo ya pawasaplai na GB za kumbukumbu utavikuta palepale hata miaka kumi ijayo.

Ile GTX 1060 utakayoitoa usiitupe kabatini. NVIDIA ilitangaza mwaka 2025 kwamba kadi za kizazi hicho hazitapata tena draiva za gemu mpya baada ya Oktoba mwaka huo, lakini za usalama zitaendelea hadi Oktoba 2028. GTA V bado inaiendesha vizuri. Ifute vumbi, mfungie mdogo wako, na ukae naye mezani umwonyeshe waya gani unaingia wapi.